Jinsi ya Kuzilaza PET na CT Sawasawa: Mwongozo kwa Wanaoendesha Mashine Mbili Kwenye Ganda Moja

Mashine ya PET/CT huitwa moja kwa sababu ganda lake ni moja na kitanda ni kimoja, ingawa CT huonyesha umbo la viungo kwa eksirei na PET huonyesha mahali dawa yenye mionzi inapokusanyika mwilini. Ukilivua lile ganda utakuta mashine mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine: CT mbele, pete ya vitambuzi vya PET nyuma, na kati ya kitovu cha hii na cha ile pana makumi ya sentimita. Ndivyo David Townsend na Ronald Nutt walivyoipanga ile ya kwanza iliyofungwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998, na mpaka leo mpango ni huo huo. Mgonjwa hupigwa CT kwanza, sekunde chache tu. Kitanda kinasonga, kisha PET huanza kuhesabu, na kwa mashine nyingi hiyo ni kazi ya dakika 15 hadi 20.

Kwa hiyo picha mbili unazoziona kwenye skrini zimepigwa mahali pawili, kwa nyakati mbili, kwa miali ya nishati mbili. Hazilaliani zenyewe, zinalazwa. Mwongozo huu ni wa maradiografa, wanafizikia wa tiba na mafundi wa vifaa vya hospitali wanaofanya kazi hii Nairobi na viunga vyake, iwe ni Aga Khan kule Parklands au hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kando ya Northern Bypass, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kuingia humo.

CT ndiyo inayoandika namba za PET

Wengi hufundishwa kwamba CT iko pale kuonyesha mahali uvimbe ulipo. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ndiyo yenye hatari, kwa sababu haionekani.

Glukosi yenye florini-18, dawa anayochomwa mgonjwa, hutoa positroni, yaani chembe kama elektroni lakini zenye chaji chanya. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha fotoni mbili za kiloelektronivolti 511 zinazokimbia kila moja upande wake. Lazima zote mbili zifike kwenye pete ndipo tukio lihesabiwe. Ndani ya maji, upungufu wa fotoni hizi ni 0.096 kwa kila sentimita. Chukua njia ya sentimita 30 kupita tumboni: jozi zinazotoka salama ni karibu asilimia 6. Mashine hulazimika kuzidisha hesabu ya njia hiyo mara 18 hivi ili kurudisha zilizopotea. Hayo ndiyo marekebisho ya upungufu, na ramani inayotumika ni CT.

Sasa ramani ikosee kidogo. Thamani ya upungufu ikizidi kwa asilimia 5 kwenye njia ile ile ya sentimita 30, namba ya PET inapanda kwa karibu asilimia 15, kwa kuwa kosa limekaa kwenye kipeo. Daktari anayelinganisha uvimbe kabla na baada ya kemotherapi ataona badiliko ambalo mwilini halipo, na huenda akabadilisha dawa kwa sababu hiyo.

Kuna pia tofauti ya nishati. Miali ya CT ya kilovoti 120 ina nishati ya karibu kiloelektronivolti 70, mbali sana na 511. Programu hutafsiri namba za Hounsfield, yaani kipimo cha CT cha jinsi tishu inavyozuia miali, maji yakiwa sifuri, kwa mstari uliovunjika mahali pamoja, kwenye sifuri. Chini ya sifuri kuna hewa, mapafu na mafuta, na hapo mteremko ni mkali. Juu ya sifuri kuna mfupa, na mteremko hulegea, kwa sababu kalsiamu huzuia zaidi miali dhaifu ya CT kuliko inavyozuia fotoni za 511. Ule mteremko wa mfupa hutegemea kilovoti. Ukishusha kutoka 120 hadi 100 kwa mtoto au mtu mwembamba, hakikisha kwanza kwamba programu ya PET ina jedwali la kilovoti hizo. Picha ya CT itaonekana nzuri hata kama jedwali si lake, na hapo ndipo watu hunaswa.

Asubuhi, kabla ya kuagiza dozi

Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Gari la dawa likikwama Thika Road dakika 55, asilimia 29 ya dozi imeshakwenda. Kwa hiyo ubovu wa mashine ugunduliwe kabla dozi haijatoka, wala si mgonjwa akiwa ameshachomwa sindano na yuko kwenye chumba cha kungojea.

Anza na joto. Kristali za pete, na vifaa vinavyosoma mwanga wake, viwe mirija ya zamani au vitambuzi vipya vya silikoni, hubadilika nguvu joto linapobadilika. Mashine nyingi hutaka chumba kiwe kati ya nyuzi 18 na 24, lakini kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka ndani ya siku moja. Usizime kipoza hewa usiku ili kuokoa stima. Asubuhi utatumia saa nzima kungoja vitambuzi vitulie. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, feni hubeba joto kidogo, na jenereta haitoi nguvu yote iliyoandikwa kwenye kibao chake. Mkandarasi anayekuuzia mtambo wa kupoza au jenereta akupe hesabu ya mwinuko huu kwa maandishi.

Stima nayo ina mambo yake. Mashine hutumia njia tatu, volti 415, hezi 50. Mrija wa eksirei wa CT huvuta makumi ya kilowati kwa sekunde chache, ilhali elektroniki za PET zinataka utulivu. Ukiwa na UPS, ile betri ya akiba, inayobeba kompyuta peke yake, stima ikikatika hata kwa sekunde 15 kabla jenereta haijashika, pete hupoteza umeme na mfumo wa kupoza husimama. UPS ibebe pete na pampu ya kupoza pia. Stima ikirudi, ngoja muda uliotajwa na mtengenezaji, kisha rudia ukaguzi wa asubuhi wote. Na kama imekatika kati ya CT na PET, usiendelee kana kwamba hakuna lililotokea: kitanda kinaweza kuwa kimepoteza nukta yake ya sifuri, na CT iliyopigwa kabla ya hapo haina tena mahali pa kulazwa. Piga nyingine.

Ukaguzi wenyewe una mpangilio. Pasha mrija wa CT moto, fanya kalibresheni ya hewa, kisha piga fantomu ya maji, yaani chombo cha majaribio kinachowekwa mahali pa mgonjwa. Maji yasome sifuri, na yasizidi 5 kwenda juu au chini. Hapo ndipo uende kwenye PET kwa chanzo cha jermani-68, isipokuwa kama mashine yako imetengenezwa itumie mionzi ya asili ya lutetiamu iliyo ndani ya kristali zake. Tazama sinogramu, ile picha ghafi kabla mashine haijaunda picha ya mwili. Mstari mweusi wa mshazari unaokatiza maana yake kuna kikundi cha vitambuzi kilichokufa. Kimoja kinaweza kuvumilika hadi fundi afike, mtengenezaji akiruhusu. Viwili vilivyo jirani havivumiliki.

Jermani-68 hupungua nusu kila siku 271, hivyo baada ya mwaka mmoja na nusu imebaki robo na ukaguzi unaanza kuchukua muda mrefu. Chanzo kipya kinahitaji kibali cha KNRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na kinapita forodhani. Agiza miezi kadhaa kabla.

Kitanda

Kitanda kilichobeba mtu wa kilo 100 hupinda kinapojitokeza. Kama kingepinda sawa kwenye CT na kwenye PET, isingekuwa shida. Lakini kufika PET kinabidi kisonge zaidi, na kwa mashine za muundo wa zamani ncha yake hushuka zaidi. Watengenezaji wameshughulikia hili kwa kusogeza kitanda pamoja na mguu wake, ili sehemu inayoning'inia iwe ileile pote, au kwa kuweka reli ya kukitegemeza upande wa nyuma. Dawa zote mbili huchakaa: reli hulegea, beringi hulika. Ndiyo maana kipimo cha kuona kama CT na PET bado zinalaliana hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na lazima kila fundi anapotenganisha mashine hizo mbili ili kufikia ndani.

Tumia fantomu ya ulinganifu iliyokuja na mashine. Kama huna, tengeneza vyanzo vitano. Chukua sindano tano za mililita 1. Vuta kwenye kila moja mililita 0.1 ya mchanganyiko wa florini-18, megabekereli 1 au 2 inatosha, na tone la dawa ya iodini ili CT nayo ikione. Ziba ncha, funga kila sindano kwenye mfuko mdogo wa plastiki, kisha uzigandishe kwenye kipande cha sponji ngumu mahali patofauti: katikati, kushoto, kulia, juu na chini, na zisiwe kwenye mstari mmoja wala kwenye kina kimoja.

Weka uzito kitandani. Mifuko mitano ya mchanga ya kilo 20, imevikwa plastiki mbili na kupangwa kuanzia begani hadi pajani, inafanana vizuri na mwili wa mtu. Usitumie mitungi ya maji hata kama ndiyo iliyo karibu, maana mtungi ukivuja, maji huingia kwenye elektroniki zilizo chini ya kitanda. Soma kwanza kikomo cha uzito kwenye kitabu cha mashine.

Piga CT, piga PET dakika 5, unda picha, na upime kitovu cha kila chanzo kwenye picha zote mbili kwa mihimili mitatu. Rudia bila uzito. Kikomo rasmi ni cha mtengenezaji; ushauri wetu ni kumwita fundi tofauti ikivuka milimita 3 upande wowote, kwa kuwa nukta moja ya picha ya PET mara nyingi ni milimita 4 na tezi ya limfu ya kutiliwa shaka inaweza kuwa ya milimita 8. Tofauti ikiwa sawa kwa vyanzo vyote vitano, kosa ni la kalibresheni na hurekebishwa kwa programu. Ikiongezeka kadiri kitanda kinavyotoka, kosa ni la chuma, na programu haitaliponya.

Pumzi ndiyo adui mkubwa

Makosa mengi utakayoyaona kwenye picha za kila siku yanatoka kifuani. CT ya kifua huchukua sekunde chache. PET hukaa dakika 2 hadi 3 kwenye kila kituo cha kitanda, yaani kila mahali kinaposimama ili ihesabu, na kwa muda huo mtu anayepumua mara 15 kwa dakika ameshapumua mara 30 hadi 45. PET basi ni wastani wa pumzi zote hizo. CT ni pumzi moja iliyogandishwa. Kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hucheza kwa mtu aliyetulia sentimita 1 hadi 2. Akivuta pumzi kwa nguvu, hushuka mbali zaidi.

Tatizo kubwa huzaliwa pale mgonjwa anapovuta pumzi ndefu wakati wa CT, kama alivyozoea kuambiwa kwenye eksirei ya kifua. Mapafu hushuka hadi mahali ambapo PET inaliona ini. Mashine inadhani pale pana mapafu, ambayo upungufu wake ni kama robo ya ini, kwa hiyo inarudisha hesabu pungufu. Matokeo ni utepe uliopauka, umepinda kama ndizi, juu ya ini. Uvimbe ulio kwenye kilele cha ini unaweza kufifia, au ukaangukia ndani ya pafu la kulia na mgonjwa akaandikiwa saratani ya mapafu ambayo hana. Kwa moyo, ukuta wa mbele na wa kando unaweza kuonekana kama haupati damu.

Kinga huanza kabla mgonjwa hajalala. Mfundishe akiwa ameketi, kwa maneno yake. “Mama, pumua polepole, vile unavyopumua ukiwa umeketi nyumbani. Usivute pumzi ndefu, usiizuie. Nikikwambia kitanda kinasonga, endelea hivyo hivyo.” Kwa mzee ambaye hasikii vizuri, mwonyeshe kwa mkono juu ya tumbo lake namna linavyopanda kidogo tu. Mfanye arudie mara mbili mbele yako. Dakika hii moja inaokoa mengi kuliko programu yoyote. Zima pia ile sauti ya kurekodiwa inayomwambia mgonjwa avute pumzi na kuishikilia. Mara nyingi imebaki kwenye protokali iliyonakiliwa kutoka CT ya kawaida.

Kama daktari anataka CT kamili ya kifua kwa pumzi ndefu, ipige mwishoni, peke yake, na usiitumie kwa marekebisho.

Ukiuona ule utepe, mgonjwa angali kitandani, piga upya CT ya kifua peke yake kwa kipimo cha chini, akiwa anapumua kwa utulivu, na uunde picha ya PET kwa CT hiyo mpya. Ikiwa alikohoa au kulala usingizi na pumzi ikabadilika katikati, rudia pia kituo kimoja au viwili vya PET. Mashine zenye mkanda au kamera ya kufuatilia pumzi zinaweza kugawa hesabu kwa hatua za pumzi, lakini kila hatua hupata hesabu chache na picha huwa na chengachenga. Ongeza dakika za kituo hicho.

Baridi ya Julai huleta mvutano wa aina yake: vitambuzi vinataka chumba cha baridi, mgonjwa anataka joto. Akitetemeka, anasogea, na mafuta ya kahawia shingoni na kando ya uti wa mgongo hula glukosi na kung'aa kama tezi za limfu zenye ugonjwa. Mpe blanketi na chumba chenye joto tangu anapofika, si kuanzia anapochomwa sindano. Hapa CT iliyolala vizuri inakuokoa, kwa kuwa inaonyesha kwamba mahali panapong'aa ni mafuta, yaani namba iko chini ya sifuri.

Chuma, dawa za kung'arisha na mikono

Chuma huipa CT namba kubwa kupita kiasi, na PET iliyo karibu hupandishwa kwa uongo. Meno yaliyozibwa, nyonga ya bandia, waya za kifaa cha moyo, vyote hufanya hivyo. Toa kinachotoka: hereni, shanga, sindiria yenye waya, sarafu, vibanio vya nywele vilivyofichwa ndani ya rasta au wivi. Kwa kisichotoka, washa programu ya kupunguza athari za chuma, kisha mwombe daktari afungue picha ya PET isiyorekebishwa. Mahali panapong'aa kwenye iliyorekebishwa na kutoweka kwenye isiyorekebishwa, pamepakwa na chuma.

Iodini na bariamu hudanganya kwa njia hiyo hiyo: CT huziona kama mfupa, fotoni za 511 huziona karibu kama maji. Bariamu nzito iliyobaki utumbini kutoka kwa kipimo cha siku chache nyuma ndiyo mbaya kuliko zote, kwa hiyo muulize mgonjwa wakati wa kumpangia siku.

CT huona upana wa sentimita 50. PET huona zaidi. Mikono au mwili unaotoka nje ya 50 hauna ramani. Mikono iwe juu ya kichwa kwa kiwiliwili, imeegemezwa kwenye mto, kwa sababu mikono isiyoegemezwa huchoka na kushuka. Asiyeweza kuiinua aifunge ubavuni kwa mkanda, naye aambiwe isisogee kati ya CT na PET. Washa uundaji wa CT wa upana mkubwa. Aende haja ndogo dakika ya mwisho, na PET ianzie mapajani kwenda kichwani, kabla kibofu hakijajaa tena.

Saa, mizani na kipima dozi

SUV, namba ambayo madaktari wanaifuata, ni mionzi iliyopimwa kwenye uvimbe ikizidishwa kwa uzito wa mgonjwa na kugawanywa kwa dozi iliyoingia mwilini. Saa ya kipima dozi ikitofautiana na ya mashine kwa dakika 10, namba zote zinakosea asilimia 6. Unganisha saa zote na seva moja ya wakati, na usitumie ya simu wala ya ukutani. Mpime mgonjwa uzito, usimwulize. Pima pia kilichobaki kwenye bomba la sindano baada ya kuchoma.

Kila baada ya miezi mitatu, na baada ya matengenezo yoyote makubwa, jaza maji kwenye silinda yenye kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa sentimita 20, karibu lita 6.28. Ingiza megabekereli 50 zilizopimwa kwenye kipima dozi chako, suuza bomba la sindano kwa maji ya silinda hiyo mara tatu, tikisa hadi ichanganyike, toa mapovu. Kwenye fomu andika uzito kilo 6.28. SUV ya katikati inapaswa kuwa 1.0, ikitoka nje ya 0.9 na 1.1, simamisha vipimo vya kulinganisha wagonjwa hadi sababu ipatikane. Mara nyingi sababu ni saa, au mpangilio wa kipima dozi uliobaki kwenye teknishiamu, dawa nyingine ya mionzi, ya jana.

Ukipima kipimo cha mionzi ya CT kwa chemba ya hewa iliyo wazi, sahihisha shinikizo. Hapa Nairobi ni takriban kilopaskali 83, si 101.3 ya pwani, na chemba isiyosahihishwa husoma pungufu kwa karibu asilimia 18.

Kuhusu PET na MRI

Huku PET na MRI, mashine inayotumia sumaku badala ya eksirei, zinaweza kupiga kwa wakati mmoja, lakini ugumu huhamia kwingine. Mirija ya zamani ya kusoma mwanga haifanyi kazi ndani ya sumaku, ndiyo maana vitambuzi vya silikoni vilihitajika. Na MRI haipimi uzito wa tishu mbele ya miali. Programu hugawa mwili katika makundi machache, hewa, mapafu, mafuta na tishu laini, na mfupa mara nyingi huhesabiwa kama tishu laini, hivyo namba za uvimbe ulio ndani au karibu na mfupa hushuka. Koili, yaani antena za MRI zinazolazwa juu ya mgonjwa, nazo hupunguza fotoni bila kuonekana kwenye picha. Ziwekwe mahali pale pale programu inapozitarajia.

Picha zikipishana, anzia hapa

Tazama mahali zinapopishana kabla ya kugusa chochote. Mwili mzima ukiwa umehama kwa kiasi kimoja, angalia kalibresheni na nukta ya sifuri ya kitanda. Mpishano ukikua kadiri kitanda kinavyotoka, kitanda kimepinda. Ukiwa kwenye kiwambo peke yake, ni pumzi. Ukiwa kichwani peke yake, mgonjwa aligeuza shingo, na hapo CT ya kichwa pekee inatosha. Fanya ukaguzi huu kwa sehemu tatu, kilele cha ini, ukingo wa ngozi ya mikono na kibofu, kabla mgonjwa hajavaa viatu. Na ukirudia CT, andika kwenye ripoti ni ipi iliyotumika kuunda PET ya mwisho, kwa sababu zote mbili zitabaki kwenye kumbukumbu zikiwa na jina moja na tarehe moja.